Flashi na Umeme wa Ghafla: Mafunzo Niliyopata Msimbu

Ninaendesha steshenari hapa Msimbu, wilayani Kisarawe. Tunachapa, tunatoa kopi, tunaingiza singeli kwenye memori kadi za redio za bodaboda. Na kwa kuwa kwenda mjini ni nauli, ushuke Pugu mpaka Gongo la Mboto ndipo uitafute Kariakoo, watu wameamua kwamba kufufua flashi iliyokatikiwa umeme nayo ni kazi yangu. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Flashi haijui kwa nini umeme umekatika.

Mwishoni mwa 2023 tulikuwa kwenye mgao pamoja na nchi nzima. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, huko mto Rufiji, ukaanza kuzalisha. Bwawa lile lilipangiwa mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, na habari za mgao zikapoa. Wateja wangu hawakupungua. Masika tawi la mwembe likilalia waya, umeme umekwenda. Uniti za LUKU zikiisha katikati ya kunakili, umeme umekwenda. Mtoto akijikwaa kwenye waya wa ekstensheni, vilevile. Kwa hiyo simuulizi mteja nani alikata umeme. Ninauliza jambo moja tu: ulipokatika, flashi ilikuwa inaandika au ilikuwa imekaa?

2. Mara nyingi kinachoharibika ni daftari, mzigo upo.

Hili ndilo lililonibadilisha kazi, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Chipu za NAND zilizomo ndani ya flashi na memori kadi zilitangazwa mwaka 1987 na Fujio Masuoka na wenzake wa Toshiba, Japani. Zina tabia moja ya ajabu: data haiwezi kuandikwa juu ya data nyingine. Kuandika hufanyika ukurasa kwa ukurasa, lakini kufuta hufanyika kwa bloku nzima yenye kurasa nyingi. Ndiyo maana ukisahihisha barua na kuihifadhi, kidhibiti kilichomo ndani ya flashi hakigusi ile ya zamani. Kinaandika toleo jipya kwenye ukurasa mtupu, kisha kinaweka kumbukumbu kwamba kipande fulani cha faili sasa kinakaa huku. Mhasibu wa ghala angeiita daftari la stoo.

Sehemu ya daftari hilo inayotumika kwa wakati huo hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, ile inayokufa pamoja na umeme. Umeme ukikatika, kurasa zako bado zipo kwenye chipu, ila hakuna anayejua zimekaa wapi. Ukichomeka tena, kidhibiti hulazimika kulijenga upya: kila ukurasa una nafasi ndogo pembeni iliyoandikwa anwani yake na mfuatano wake, nacho huzisoma na kuamua toleo lipi ndilo jipya. Kusoma chipu nzima kunachukua muda. Vifaa vilivyoundwa kwa akili huhifadhi nakala ya daftari kwenye chipu kila baada ya muda, hivyo umeme ukirudi husoma zile kurasa tu zilizoandikwa baada ya nakala ya mwisho. Tofauti ya flashi inayoamka papo hapo na inayokaa ikiduwaa kwa sehemu kubwa iko hapo, na kwenye boksi la kuuzia haiandikwi.

3. Anayechomoa na kuchomeka kila mara anaikatisha.

Mwalimu mmoja alikuja na mtihani wa nusu muhula ndani ya flashi. Ameshaijaribu kwenye kila kompyuta ya ofisi yao.

"Fundi, imekufa?"

"Bado, mwalimu. Ila ulikuwa unaipa muda gani?"

"Nikiona kimya, nachomoa."

Hapo sasa. Kila akichomoa alikuwa anaikatia umeme kwa mara nyingine, huku yenyewe ikihangaika kujipanga. Niliichomeka kwenye laptopu yenye betri, nikaendelea kumtolea kopi mteja mwingine. Ilijitokeza yenyewe kabla kopi hazijaisha.

Kwa diski za SSD jambo hili linajulikana hata na watengenezaji. Crucial wanashauri diski iliyopotea baada ya umeme kukatika ghafla iwekwe kwenye umeme bila kufanya kazi yoyote kwa dakika 20, itengwe sekunde 30, kisha urudie. Mimi huiacha laptopu kwenye ukurasa wa mipangilio ule unaotokea kabla Windows haijaanza. Diski inapata umeme, na hakuna anayeisumbua.

4. Tazama ukubwa kabla hujagusa programu yoyote.

Fungua sehemu ya kusimamia diski. Flashi ya gigabaiti 32 ikionekana na ukubwa wake wa kawaida, hata kama Windows inadai haijafomatiwa, pumua: kidhibiti ni kizima, kilichovurugika ni mpangilio wa faili. Ikionekana na ukubwa wa sifuri, au ikajitambulisha kwa jina geni ambalo hukuwahi kuliona, kidhibiti chenyewe kimepotewa. Hapo hakuna programu ya kupakua itakayosaidia, kwa sababu programu zote hupitia kwa kidhibiti hichohicho. Nimeona watu wakinunua vifurushi vya intaneti vikaisha kwa kupakua programu za kufufulia kitu ambacho kompyuta haikioni kabisa.

5. Nakili kwanza, tengeneza baadaye.

Windows hutoa vishawishi viwili: fomati, au rekebisha. Vyote vinaandika kwenye kifaa kilekile unachotaka kukiokoa. Kwa kutumia ddrescue, inayopatikana kwenye Linux, ninachukua nakala ya flashi nzima kuwa faili moja kubwa, halafu nahangaika na nakala. TestDisk ya Christophe Grenier inaweza kurudisha sekta ya mwanzo ya FAT32 kutoka kwenye akiba yake, na mara nyingine kazi inaishia hapo kwa muda mfupi. Ikishindikana, ndugu yake PhotoRec hutafuta faili kwa alama za mwanzo wake bila kujali majina. Majina hupotea yote. Mteja aelezwe mapema, la sivyo atakuja kulalamika kwamba picha za mahari zimechanganyika na risiti za saruji.

Ukikuta folda FOUND.000 imejaa faili zenye mwisho wa CHK, usiifute kwa kudhani ni virusi. Ni vipande ambavyo Windows iliviokota ilipokuwa inarekebisha.

6. Mtihani wa mwalimu huenda uko kwenye kompyuta.

Kwa mpangilio wake wa kawaida, Word huweka nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, na huiweka kwenye kompyuta hata kama faili lilifunguliwa kutoka kwenye flashi. Anza huko.

7. Hata faili la mwaka jana linaweza kuharibika leo.

Wateja hawakubali hili, na ninawaelewa. Chipu nyingi huhifadhi biti mbili au zaidi kwenye seli moja, na biti hizo huwa za kurasa tofauti. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha kwamba kukata umeme wakati ukurasa mmoja unaandikwa kunaweza kuharibu ukurasa mwenzake ulioandikwa zamani na kukamilika salama. Mwaka 2013 utafiti wa Mai Zheng na wenzake ulijaribu SSD 15 kwa kuzikatia umeme makusudi. 13 zilionyesha kasoro, na miongoni mwake ilikuwamo iliyokufa moja kwa moja. SSD za seva za bei kubwa huwekwa kapasita zinazoshikilia umeme kwa muda mfupi, zikatosha kufunga daftari. Flashi ya mtaani haina kitu hicho. Mzee akiniambia "mwanangu, hilo sikuligusa", huwa namwamini.

8. Video ya harusi ina ugonjwa wake.

Kamera nyingi zinazorekodi MP4 huandika faharasa ya video mwishoni, unapobonyeza kusimamisha. Betri ikichomoka katikati ya kumtunza bibi harusi, picha zote zipo ila hakuna kichezeshi kitakachofungua. Programu ya untrunc hutengeneza faharasa mpya kwa kuiga video nzima iliyopigwa na kamera ileile. Kwa hiyo mpiga video aniletee na memori kadi yenye kitu kizima, hata cha sekunde chache. Wengi wanakuja mikono mitupu.

9. Umeme ukikatika, chomoa flashi gizani.

Usingoje urudi. Kwetu unaweza kurudi, ukaondoka, ukarudi tena kwa nguvu isiyotulia, na kila mrejeo ni jaribio jipya kwa kifaa kilichokwisha jeruhiwa. Tangu toleo la 1809 la mwaka 2018, Windows 10 haicheleweshi kuandika kwenye flashi, ila kidhibiti bado kina kazi zake za ndani baada ya mstari wa kunakili kufika mwisho. Hesabu kumi ndipo uchomoe. Memori kadi za nyimbo naziingizia kwenye laptopu yenye betri.

10. Nyingine zirudishwe kwa mwenyewe.

Ile yenye ukubwa wa sifuri, kama hata kukaa kwenye umeme hakujaisaidia, inahitaji mtu wa kung'oa chipu na kuisoma kwa mashine. Gharama yake inaweza kuzidi ya laptopu iliyotumika. Chama cha msingi cha korosho waliniletea moja ya namna hiyo, ina orodha ya wakulima na kilo zao. Nikawauliza kama stakabadhi za karatasi zipo. Zipo, wakasema, kwenye sanduku. Tukazichapa upya, nikawatoza bei ya kuchapa.