Sharbati ya Maembe kwa Siku ya Jamaa Kukutana

Kithyoko ni soko lililo kando ya barabara kuu itokayo Thika kwenda Garissa, katika Kaunti ya Machakos. Nchi yake ni kavu na jua lake ni kali, lakini mwembe hustawi katika nchi ya namna hiyo. Tangu Desemba mpaka Machi maembe huiva kwa wingi Ukambani, na bei yake hushuka hata mengine huozea chini ya miti. Wakati huo ndipo jamaa wafanyao kazi Nairobi, Mombasa na kwingineko warudipo makwao kwa sikukuu ya Krismasi. Basi si jambo la busara mwenye nyumba kutoa fedha nyingi kwa kununua makreti ya soda, hali matunda yake mwenyewe yanaoza shambani.

Kinywaji kifaacho karamu ya namna hiyo ni sharbati. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na limetokana na neno lenye maana ya kunywa. Watu wa pwani tangu zamani hutengeneza sharbati kwa ukwaju, ndimu, maembe na matunda mengine. Kazi yake si ngumu. Lakini liko jambo moja kubwa kupita utamu wake, nalo ni usafi wa maji. Katika Oktoba 2022 kipindupindu kilizuka nchini Kenya, na wagonjwa wa kwanza walihusishwa na sherehe ya harusi katika Kaunti ya Kiambu. Kisha ugonjwa ukaenea katika kaunti nyingine nyingi. Wahenga walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Yapasa mgeni naye arudi kwake akiwa mzima.

MAJI KWANZA

Maji ya Ukambani hutoka mahali pengi: katika matangi yakingayo mvua ya paa, katika mabwawa, na katika visima vichimbwavyo kwenye mchanga wa mito. Maji hayo yaweza kuwa maangavu kama kioo, na bado yakawa na vijidudu vya ugonjwa. Kwa hiyo yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kisha yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu muda wa dakika moja kamili au zaidi. Yafunike, uyaache yapoe.

Watu wengi hukosea katika mambo mawili. Kwanza, hudhani kwamba ukali wa ndimu husafisha maji. Sivyo, ndimu huongeza ladha tu, wala haiwezi kushika mahali pa moto. Pili, hudhani kwamba baridi ya barafu huua vijidudu. Vijidudu vingi hulala tu ndani ya barafu, na barafu ikiyeyuka huamka tena. Barafu iliyotengenezwa kwa maji mabichi huharibu sharbati yote, hata kama maji mengine yalichemshwa.

VIPIMO VYA WATU ISHIRINI

Vipimo hivi hutoa lita 5 hivi, yaani kikombe kimoja cha robo lita kwa kila mtu:

Maembe makubwa yaliyoiva, 8
Nanasi moja
Ndimu 6
Tangawizi, kipande chenye urefu wa kidole
Sukari, robo kilo
Maji yaliyochemshwa na kupozwa, lita 3

NAMNA YA KUTENGENEZA

Osha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Osha matunda kabla ya kuyamenya, kwa maana kisu kipitacho juu ya ganda chafu huingiza uchafu ndani ya nyama ya tunda.

Menya maembe, uyakate na kuyaponda mpaka yawe laini. Embe lenye nyuzinyuzi na lipitishwe katika chujio. Menya nanasi, ulikatekate vipande vidogo. Nusu yake uiponde pamoja na maembe, na nusu uiweke kando. Twanga tangawizi, uichemshe katika kikombe kimoja cha yale maji pamoja na sukari mpaka sukari iyeyuke yote, kisha uchuje na kuacha ipoe. Sukari iliyoyeyushwa hivi huenea sawasawa, wala haikai chini ya chombo.

Sasa changanya maembe, nanasi na maji ya sukari. Tia maji yaliyobaki kidogo kidogo huku ukikoroga. Mwisho kamua ndimu, ukionja kila mara, kwa sababu maembe hayalingani kwa utamu. Vile vipande vya nanasi vitie juu.

Mwenye friji aweza kuongeza uzuri wa kinywaji hiki bila barafu ya maji. Na atwae maembe mawili katika yale manane, ayaponde, ayagandishe usiku kucha katika bakuli, kisha ayaelekeze juu ya sharbati wakati wa kuandaa. Yatayeyuka polepole na kuongeza ladha, badala ya kuizimua.

KUPOZA BILA FRIJI

Nyumba isiyo na friji ina mtungi wa udongo. Maji hupenya kidogo kidogo katika vitundu vya udongo, hukauka kwa upepo, na katika kukauka kwake huondoa joto la maji yaliyo ndani. Ndiyo sababu mtungi hufanya kazi vizuri zaidi katika hewa kavu kama ile ya Kithyoko. Chemsha maji jioni, uyatie katika mtungi ulio safi, uufunike na kuuweka kivulini penye upepo. Asubuhi yatakuwa baridi. Lakini sharbati yenyewe isitiwe mtungini, kwa sababu sukari na matunda huingia katika vile vitundu na kuozea humo.

Hapana budi pia kuangalia vyombo. Asidi ya ndimu, nanasi au ukwaju hula madini ya ndoo ya bati na ya vyombo vya shaba, na kinywaji kilichokaa humo chaweza kuleta tumbo la kuuma na kutapika. Tumia chombo cha kioo, cha chuma kisichoshika kutu, au cha plastiki kilichotengenezwa kwa ajili ya chakula. Pipa lililowahi kutiwa dawa za shamba lisitumiwe kamwe, hata likioshwa mara kumi.

WAKATI WA KUANDAA

Sharbati haina dawa ya kuihifadhi. Basi changanya karibu na wakati wa chakula, wala isikae nje ya baridi zaidi ya muda wa saa mbili. Siku ya jua kali, muda wa saa moja yatosha. Ikibaki na kuanza kutoa povu, imwagwe. Wageni wasichovye vikombe vyao chomboni. Mtu mmoja na apewe upawa wenye mpini mrefu, amiminie wote.

Robo kilo ya sukari katika vipimo hivi ni gramu 12 au 13 zilizoongezwa katika kila kikombe. Soda nyingi za chupa ya mililita 300 huwa na gramu 30 hivi. Lakini maembe na nanasi nayo yana sukari yake, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa kisukari na anywe kwa kiasi kidogo kwa ushauri wa daktari wake. Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita asionjeshwe kabisa. Maziwa ya mama yamtosha.

Mafundisho ya namna hii si mageni nchini Kenya. Vyama vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza mwaka 1952, vilifundisha mapishi na usafi wa nyumba pamoja, kwa kuwa mambo hayo mawili hayatengani. Matunda yako shambani, mtungi uko nyumbani, na kuni za kuchemshia lita 3 za maji si nyingi. Nyumba itakayoyafuata haya itawafurahisha wageni wake mchana, na usiku wote watalala kwa amani.