Somo: Mtoni Ndula

Mwezi wa Januari tulitoka Thika mjini, tukashika barabara ya Garissa, tukapita mashamba ya mananasi mpaka macho yakachoka, ndipo tukafika Ndula, kijiji kidogo kando ya Mto Thika. Hapa umeme ulianza kutolewa majini mwaka 1925, kilowati 2,000. (Ruiru ilitangulia: mto ule uliwasha taa za Nairobi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia.) Siku hizi mtambo wa Ndula umestaafu.

Mama mmoja wetu akauliza, "Na huu umeme ulikuwa wa nani?" Tukanyamaza kidogo. Ulikuwa wa kampuni, East African Power and Lighting, iliyoundwa 1922. Mwenye mtambo ndiye huamua waya zipite wapi. Kukaa karibu na maji si kuwa na umeme.

Linganisheni na Mbuiru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanakijiji kama 200 walinunua hisa, wakatoa kila Jumanne kuchimba na kujenga. Wafadhili na serikali walisaidia. Wakapata kilowati 18. Ni kidogo, lakini ni zao.

Sisi nasi tuna kijito, na tulikuwa karibu kumlipa fundi aliyekipima mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha! Alisema lita 60 kwa sekunde. Tuliporudi kutoka Ndula tukapima wenyewe, Februari, wakati wa kiangazi. Tuliyaelekeza maji yote kwenye pipa la lita 200. Likajaa kwa sekunde 20. Yaani lita 10 kwa sekunde.

Hesabu yake ni hii: lita kwa sekunde, mara mita maji yanazoanguka, mara 10. Kwetu ni 10 × 8 × 10, wati 800. Kwa mashine ndogo kama hizi, hesabuni kwamba nusu hupotea njiani. Zinabaki 400: balbu 40 za wati 10, basi. Mashine ya posho tuliyoiota haitazunguka. Tena kabla ya kugusa mto lazima kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Mkutano ujao tutapiga kura: taa tu, au pesa zibaki benki? Nanyi jadilianeni:

Kijito chenu kina lita ngapi wakati wa kiangazi?

Mkipata mashine, hisa zitaandikwa kwa jina la nani, la baba peke yake au la mama pia?