Pombe ya Mtama na Mfuko wa Mji: Somo kutoka Durban

Sheria za pombe huelezwa mara nyingi kuwa ni za kuzuia ulevi. Habari za mji wa Durban, katika Afrika ya Kusini, zaonyesha kwamba sheria ya namna hiyo yaweza pia kuwa njia ya kujaza mfuko wa serikali ya mji. Zaonyesha pia yaliyotokea watu walipotambua fedha zao zilikokuwa zikienda.

1. Pombe yenyewe

Wazulu wa Natal huiita pombe yao utshwala. Hutengenezwa kwa mtama. Nafaka hulowekwa mpaka ichipue, kisha huanikwa ikauke na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Unga hupikwa uwe uji, nao ukishapoa hutiwa kimea na kuachwa uchachuke. Mwisho huchujwa kwa kichujio kirefu kilichosukwa kwa majani. Kinywaji hiki si kikali, na wengi hukihesabu kuwa ni chakula.

Tangu zamani kazi ya kuipika ilikuwa ya wanawake. Majirani waliokuja kusaidia kulima walipewa pombe, mgeni alikaribishwa nayo, na wazee waliokwisha kufa walikumbukwa kwayo. 

Mjini mambo yalikuwa mengine. Wanaume wengi walitoka mashambani kwenda Durban kupakua mizigo bandarini au kutumika katika nyumba za Wazungu, nao walilala katika mabweni mbali na wake zao. Wanawake waliofika mjini hawakupata kazi nyingi za mshahara. Wengi wao walipika pombe na kuwauzia wanaume hao, na kwa faida ndogo waliyoipata walilipa kodi ya chumba na kuwalisha watoto.

2. Sheria ya mwaka 1908

Mwaka 1908 Natal ilikuwa koloni la Uingereza, na waliopiga kura za Bunge lake walikuwa Wazungu karibu peke yao. Mwaka huo Bunge lilipitisha sheria ya kuyapa mabaraza ya miji uwezo wa kujitwalia peke yao haki ya kupika na kuuza pombe ya Kiafrika ndani ya mipaka yao. Durban ilianza kuitumia mwaka 1909. Baraza la Mji lilipika pombe yake lenyewe na kuiuza katika vilabu vyake. Mwanamke aliyekutwa mjini na mtungi wake alishtakiwa, na pombe yake ikamwagwa.

Faida ya vilabu iliwekwa katika mfuko maalumu wa mambo ya Waafrika. Humo zilitoka fedha za kujenga mabweni, na za kuwalipa maofisa na askari waliowasimamia Waafrika wa mjini. Hivyo Wazungu waliolipa kodi za mji walipunguziwa mzigo mkubwa. Mfanyakazi aliyekunywa kilabuni jioni alisaidia kumlipa mshahara askari ambaye kesho yake angeingia kwa dada yake kuutafuta mtungi.

Utaratibu huo ukajulikana kwa jina la mji uliouanzisha. Mwaka 1923 sheria ya Afrika ya Kusini iliiruhusu miji mingine ya nchi hiyo kuufuata. Mfano huo ulifika hata Kenya, maana katika miaka hiyo hiyo ya 1920 Baraza la Mji wa Nairobi lilianzisha kilabu chake cha pombe huko Pumwani, na wanawake wa Nairobi waliopika pombe majumbani wakawa wavunja sheria kama wenzao wa Durban.

3. Kususia kwa mwaka 1929

Malalamiko ya wanawake yalikuwa mawili. La kwanza, wamenyang'anywa kazi yao. La pili, mishahara ya waume zao yaishia kilabuni, na nyumbani mashambani hakifiki kitu. Msomaji aangalie kwamba wanawake hawa hawakuwa wakiusifu ulevi. Walisema kwamba mji wenyewe ndio unaowanywesha waume zao, na tena unapata faida.

Mwaka 1929 palitokea shauri la kujenga kilabu kipya huko Sydenham, ukingoni mwa Durban. Chama cha wafanyakazi kilichoitwa ICU yase Natal, chini ya uongozi wa A. W. G. Champion, kiliwaita watu wavisusie vilabu vyote. Wanaume wakasusia, na wanaharakati wakasimama milangoni kuwarudisha waliotaka kuingia. Tarehe 17 Juni Wazungu wengi walilizingira jumba la chama hicho. Katika mapigano yaliyofuata watu 8 walikufa, Waafrika 6 na Wazungu 2. Mwaka huo huo, katika miji midogo ya Natal, wanawake waliingia vilabuni na fimbo wakawafukuza wanywaji.

Mapato ya vilabu yalishuka sana. Mwezi wa Novemba polisi walifanya msako mkubwa katika mabweni ya Durban, wakatumia gesi ya kutoa machozi. Na mwaka 1930 Champion alikatazwa kukaa Natal kwa muda wa miaka 3. Hata hivyo tume ya uchunguzi ilikuwa imekwisha kusikia malalamiko, na mji ukaunda halmashauri ya kutoa ushauri ambayo Waafrika waliingia. Halmashauri hiyo iliweza kushauri tu, haikuweza kuamua, na haki ya kupika pombe ilibaki mikononi mwa mji.

4. Cato Manor, mwaka 1959

Jambo lisilokwisha hurudi. Makumi ya maelfu ya Waafrika walikuwa wakikaa katika vibanda vya Cato Manor, mahali ambapo wenyeji walipaita Umkhumbane. Serikali ilikuwa imeanza kuwahamishia KwaMashu, mbali na mji, na misako ya pombe iliendelea. Tarehe 17 Juni 1959, yaani miaka 30 kamili tangu yale mapigano ya kwanza, wanawake waliingia katika kilabu cha Cato Manor, wakawatoa wanaume na kuimwaga pombe. Siku ya pili yake wanawake wapatao 2,000 walikusanyika kutoa malalamiko yao, nao wakapigwa kwa marungu na polisi. Fujo zikaenea, majengo ya mji yakachomwa, na watu wakafa. Kususia vilabu kukaanza tena. Miongoni mwa viongozi wa wanawake alikuwamo Dorothy Nyembe.

Mwezi wa Januari 1960 polisi waliokwenda huko kusaka pombe walishambuliwa na umati wa watu, na 9 kati yao wakauawa, Wazungu na Waafrika. Ni gharama kubwa mno kwa ajili ya mitungi ya mtama.

Mwaka 1962 Waafrika wa nchi hiyo waliruhusiwa kununua vileo walivyokuwa wamekatazwa. Lakini vilabu vya serikali viliendelea kuchukiwa, na mwaka 1976, vijana wa Soweto walipoondoka kupinga serikali, vilabu vilikuwa miongoni mwa majengo waliyoyachoma.

5. Mafunzo

Ulevi huharibu nyumba, na hakuna aliyelijua hilo kuliko wanawake wa Natal. Serikali ya mahali po pote yaweza kuwa na sababu njema ya kusimamia pombe. Lakini mwenye kukataza akiwa ndiye muuzaji, na kila kikombe kikimwongezea mapato, ni vigumu watu kumwamini asemapo kwamba anawahurumia walevi. Ni vigumu zaidi ikiwa wale walionyang'anywa riziki hawakuulizwa neno lo lote kabla sheria haijapitishwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Wanawake wa Durban walipoteza nini kwa sheria ya mwaka 1908, na nani alipata kile walichopoteza?
2. Kwa nini halmashauri ya kutoa ushauri haikutosha kuumaliza ugomvi?
3. Kama wewe ungalikuwa diwani wa mji, ungaliweza kupunguza ulevi kwa njia gani bila kuichukua kazi ya mpishi wa pombe na kuifanya yako?