DIRISHA JEUSI: KUITUNZA TOVUTI KWA AMRI

Tovuti ni kama jahazi. Siku ya kushushwa majini watu hujaa na ngoma hupigwa, lakini kazi ya kulikalafati huachiwa mtu mmoja ambaye hakuna amkumbukaye. Tovuti ya chama chetu ina vitendawili, majina ya samaki na maneno ya Kiamu tuliyoyaandika kwa wazee, na baadhi ya wazee hao hatunao tena. Ikifa, hatuna pa kwenda kuuliza. Kwa hiyo nitaeleza inavyotunzwa kwa amri za herufi tupu, bila kubofyabofya.

Tovuti yetu hutumia WordPress, mfumo wa kusimamia maudhui ulioanzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza. Wengi huiendesha kwa kivinjari: unafungua ukurasa wa msimamizi, unangoja picha na vibonyezo vije, unabofya, unangoja tena. Aliye Nairobi huenda asijali. Sisi wa visiwani twaujua mtandao wa jioni ulivyo! Tena nyaya zenyewe zapita baharini. Waya wa TEAMS, uliovutwa kutoka Fujairah hadi Mombasa mwaka 2009, ulikatwa na nanga ya meli mwezi wa Februari 2012. Mei 2024 zikakatika nyaya za EASSy na Seacom, mtandao ukazorota Afrika Mashariki. Siku kama hizo ukurasa mzito haufunguki, lakini herufi chache hupenya.

Tovuti hukaa katika kompyuta ya mbali iitwayo seva. Unaiingia kwa programu ya ssh, kwa jina lako na neno la siri, na mbele yako huja dirisha jeusi tu. Usiliogope. Amri uandikayo hutekelezwa kule kule kwenye seva. Hata programu mpya ikishushwa, seva huishusha kwa mtandao wake, si kwa bando lako.

Mtego ni huu: umeme ukipotea katikati ya kazi, amri nayo yaweza kufa nusu njia. Dawa yake ni kuandika screen kabla ya jambo lolote. Kazi itaendelea huko, nawe ukirudi waandika screen -r, waikuta. Kwa maoni yangu hii ndiyo amri ya kwanza ya mtu wa Lamu.

Amri za WordPress zenyewe huanza na wp, na zahitaji programu ya WP-CLI iwe kwenye seva. (Si kila kampuni inayokodisha seva hukupa mlango wa ssh. Uliza kabla ya kulipa.) Kabla hujagusa kitu, weka akiba:

wp db export ~/akiba.sql
tar czf ~/picha.tar.gz wp-content/uploads

Ya kwanza huchukua maandishi, ya pili picha na sauti. Wengi hufanya ya kwanza wakaisahau ya pili, halafu siku ya msiba wana maneno bila sauti za wazee. Alama ya ~/ nayo si pambo: huweka faili nje ya folda ya tovuti. Ukiiacha ndani, mgeni yeyote akilibahatisha jina lake ataishusha na siri zake zote. Kisha ihamishe kwa scp hadi kompyuta ya shule, maana akiba iliyobaki kwenye seva itazama pamoja na seva.

Sasa kusasisha:

wp plugin update --all --dry-run

Hayo maneno ya mwisho humaanisha "nionyeshe tu, usifanye". Ukiridhika, yaondoe uandike tena. Mfumo wenyewe husasishwa kwa wp core update, ikifuatwa na wp core update-db. Na ukishuku kuna mwizi ameingia, wp core verify-checksums hulinganisha mafaili ya mfumo na yale ya asili, ikakutajia lililobadilishwa. Haikagui picha wala mandhari, lakini ni mwanzo mzuri.

Iliyonifurahisha zaidi ni ya kusahihisha maandishi. Tuseme kurasa nyingi zimemwandika yule mshairi wa Pate, aliyetunga utenzi wake mwaka 1858, kama neno moja. Utafungua kurasa zote hizo mkono kwa mkono? La!

wp search-replace 'Mwanakupona' 'Mwana Kupona' --dry-run

Itakuambia ni mangapi yatakayobadilika. Lakini angalia: kama kuna picha iitwayo Mwanakupona.jpg, jina lake ndani ya ukurasa litabadilika, na faili lenyewe litabaki vile vile. Picha haitaonekana tena. Ndiyo sababu ya ile akiba.

Ukurasa ukigeuka mweupe mtupu kwa sababu ya programu-jalizi mbovu, wp plugin deactivate, jina lake, kisha --skip-plugins.

Neno la siri la seva liko kwa mtu mmoja wa kidato cha nne, naye akimaliza mtihani Novemba anaondoka. Watatu kutoka vidato vya chini wanatakiwa kujifunza kabla ya hapo. Ijumaa baada ya vipindi, chumba cha kompyuta. Mje na madaftari, na kalamu ya risasi, kwani nukta moja ikikosewa amri haiendi.