Namna ya kutafsiri "hassle" bila kuichanganya na "hustle"

Msimu mmoja wa kahawa hapa Kibingo, mzee jirani yangu aliniletea simu nimsomee ujumbe wa mnunuzi, ulioandikwa kwa Kiingereza. Ndani yake mlikuwa na neno "hassle". Nikamwambia mnunuzi anasifu jitihada zetu. Kumbe alikuwa analalamika kwamba taratibu za vibali zimemchosha na mzigo hatauchukua wiki ile. Mzee alikuwa ameshakodi gari. Tangu hapo neno hili silipiti juujuu, na ninalishika hivi.

1. Litenganishe na "hustle". Masikioni mwetu yote mawili ni "haso". "Hustle" ni kuhangaikia riziki. Ndilo lililozaa "kuhaso" mitaani, na ndilo lililomo katika Hustler Fund, mfuko wa mikopo uliozinduliwa Kenya Novemba 2022. "Hassle" ni usumbufu. Weka "usumbufu" mahali pake; sentensi ikisimama, umepata.

2. Uliza kilichomchosha mtu ni nini. Tuseme umeanika kahawa ya maganda, umeigeuza kwa mikono siku zote za jua, umeshona magunia na kuyapakia kwenye pikipiki. Ghalani unaambiwa daftari limefungiwa, njoo kesho. Kesho karani hayupo. Kahawa itapokelewa, lakini umechoshwa na jambo lililotakiwa kuwa jepesi. Hiyo ndiyo "hassle" yenyewe, na hapo mimi huandika "longolongo".

Chanzo kikibadilika, neno nalo libadilike. Mtu asiyekupa nafasi ya kupumua anakubughudhi. Umeme ukikatwa saa chache, ni usumbufu, na ndiyo maana matangazo huomba radhi kwa kutumia neno hilo. Barabara isiyopitika kila masika ni kero, jambo la kurudi na kurudi, lile ambalo wananchi humbana nalo kiongozi mkutanoni wakitaka jibu.

3. Usilizidishie uzito. "Hassle" haifiki kuwa mateso wala maafa. Ukiandika hivyo, msomaji atadhani kuna aliyeumia.

4. Ukiandika Kiingereza wewe mwenyewe, angalia unamwandikia nani. Ni neno la mazungumzo. Kwa rafiki, "It's a hassle" inatosha; katika barua ya ofisi tumia "inconvenience". Likiwa kitenzi, "Stop hassling me" ni "Acha kunisumbua". Na muuzaji akikuahidi "no hassle", anasema utahudumiwa bila usumbufu.

Majuzi mzee alirudi na ujumbe mwingine. Safari hii niliusoma wote hadi mwisho kabla ya kufungua mdomo, nikajiuliza nani kachoka na nini kimemchosha.

"Anasema bado anasumbuliwa na vibali, mzee."

"Kwa hiyo gari nisikodi, mwanangu?"

"Usikodi. Tusubiri hadi atakapoandika kuwa amevipata."