Mfarishi wa Viraka 140

Mji wa Goma uko ukingoni mwa Ziwa Kivu, chini ya mlima wa moto uitwao Nyiragongo. Uko juu sana, kadiri ya meta 1,500 kupita usawa wa bahari. Kwa hiyo, ingawa ikweta haiko mbali, usiku wa Goma una baridi. Mtu asiye na blanketi huijua baridi hiyo vizuri kuliko mwenye mablanketi mawili.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka. Mto wa moto ulishuka mpaka mjini, ukapita katikati ya Goma, ukaingia ziwani. Watu maelfu na maelfu walikimbia. Wengi walivuka mpaka wakaenda Gisenyi, katika nchi ya Rwanda. Waliporudi, wengine walikuta mahali pa nyumba zao pamejaa mawe meusi, tena yangali moto.

Katika hao alikuwamo mama mmoja mwenye watoto watatu. Alikuwa amekimbia na watoto, sufuria moja, na nguo alizovaa. Kiunoni alijifunga kikwembe cha buluu chenye picha za mbayuwayu. Hicho ndicho kitu pekee kilichobaki cha nyumba yake ya zamani. Alijenga kijumba cha mbao juu ya mawe yale yale, akapewa blanketi moja la kijivu katika msaada uliogawiwa. Wote wanne walilala chini ya blanketi hilo.

Mwaka 2006 blanketi lilikuwa limechakaa. Ukiliinua juani, uliona mwanga upande wa pili. Mtoto mdogo alikohoa usiku. Fedha ambazo mama alipata kwa kuuza makaa ziliishia katika unga na malipo ya shule.

Basi siku moja mama alifua suruali ya kijana wake, yenye viraka vitatu magotini na nyuma. Akaianika. Jioni suruali yote ilikuwa imekauka, ila palipo na viraka pangali na majimaji. Akapashika kwa vidole. Palikuwa pazito. Akafikiri moyoni: kitambaa kimoja ni chepesi, lakini viwili vikishikamana vinakuwa kitu kingine. Je, nikitengeneza nguo ya kulalia iliyo viraka vitupu?

Nguo kama hiyo huitwa mfarishi. Una tabaka tatu: juu viraka vilivyounganishwa, katikati kitu chenye kujaza, chini bitana. Mama hakulijua jina hilo, wala hakuwa ameuona mfarishi hata mara moja. Hakuwa na mwalimu wa kumfundisha. Alikuwa na sindano tu, na jambo aliloliona kambani.

Alikwenda kwa fundi mmoja ashonaye barazani, huko Birere, penye maduka mengi.

"Jambo, fundi. Vipande hivi vya chini unavifanyia nini?"

"Jambo, mama. Nawauzia watu wanaojaza mito. Wataka kujaza mto?"

"Sitaki mto. Nataka vile vikubwa, kupita kiganja. Lakini fedha sina."

Fundi alicheka, kisha akamwonyesha rundo la mashati yasiyo na vifungo. Wakapatana. Mama alishona vifungo siku tatu mchana, akarudi nyumbani na gunia kichwani. Watoto walilimwaga sakafuni wakashangilia, kwa maana mlikuwa na rangi zote. Nguo nyekundu, ya manjano, ya kijani, yenye samaki, yenye majani, yenye macho! Mdogo alijificha ndani ya rundo akalala.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye hesabu.

Mama alikata karatasi ngumu ya katoni iwe kipimo cha mraba, senti 14 kila upande. Akaiweka juu ya kila kipande, akachora pembeni kwa ncha ya sabuni kavu, akakata. Alitaka mfarishi wenye upana wa senti 140. Akasema, 14 mara 10 ni 140. Basi viraka 10 kwa upana. Na kwa urefu viraka 14, yaani senti 196. Jumla viraka 140. Hesabu yake haikukosa hata kidogo, nanyi mnaweza kuihakikisha ubaoni.

Alishona majuma sita, usiku, kwa taa ya mafuta, watoto wakiisha kulala. Alishona kwa mkono: viraka 10 kuwa mstari, kisha mstari kwa mstari. Alipomaliza aliutandika sakafuni, akamlaza kijana wake juu yake apime. Miguu ya kijana ilitokeza nje.

Mama akachukua utepe. Bila kuhesabu senti moja ya ukingo kila upande, upana ulikuwa senti 120. Urefu ulikuwa senti 168. Viraka 140 vilikuwapo vyote. Alivihesabu mara mbili. Senti 20 za upana zimekwenda wapi? Nani amezila?

Aligeuza nguo upande wa ndani akaona. Ili kuunganisha kiraka na kiraka, sindano haiwezi kupita ukingoni kabisa, maana kitambaa kingechanika. Lazima iingie ndani kidogo. Yeye aliingia senti moja. Kila kiraka huacha senti moja upande huu na senti moja upande huu, kwa mshono au kwa ukingo, kwa hiyo kila kiraka hupoteza senti mbili. Kilichokatwa senti 14 huonekana senti 12 tu. 12 mara 10 ni 120. Mshono ndio uliozila.

Na hilo halikuwa peke yake. Pembe moja ya kazi ilikuwa imevimba kama maandazi, haikubali kulala chini. Ili kujua sababu, chukueni leo leso yoyote ya pamba. Ivuteni kwa kufuata uzi wa mtande, toka juu hata chini, haivutiki. Ivuteni kwa kufuata mshindio, upande kwa upande. Huvutika kidogo tu. Sasa ivuteni hanamu, toka pembe hata pembe. Mwaona? Inarefuka kama mpira. Mama, kwa kuogopa kupoteza vipande vidogo, alikuwa amekata viraka vingine hanamu. Vilipokatwa vilikuwa sawa na wenzake, lakini vilirefuka mkononi wakati wa kushona. Hata katoni yenyewe ilikuwa na kosa. Pembe zake zilikuwa zimelika kwa kutumiwa sana, hata viraka vya mwisho havikulingana na vya kwanza.

Nafikiri wengi wangeitupa kazi hiyo. Mama alilia kidogo, akaikunja, akaiweka chini ya kitanda. Siku nne hakuitazama. Siku ya tano alifumua ile pembe iliyovimba, viraka 9, akakata vingine 9 kwa kufuata uzi na kwa katoni mpya. Ikalala.

Ikabaki shida ya ufupi. Alihitaji kitambaa kirefu, kizima, cha kuzungushia pande nne kama fremu ya picha. Katika gunia hamkuwa na kitambaa kirefu. Nyumbani kilikuwako kimoja tu.

Binti yake mkubwa, mwenye miaka 10, alimwona akikitoa kile kikwembe cha mbayuwayu.

"Mama, hicho ndicho cha siku ile ya moto."

"Ndicho."

"Utakikata?"

Mama hakujibu upesi. Alikitandika, akakipima. Kilikuwa na urefu wa senti 180. Akapima vipande vinne, kila kimoja senti 12 upana: viwili vya mbavuni, viwili vya juu na chini. Akampa binti ncha moja.

"Shika uzi huu, usilegeze. Twende sawasawa na mtande."

Mkasi ukapita. Safari hii aliukumbuka mshono kabla ya kukata. Kipande cha senti 12 hupoteza moja ndani na moja ukingoni. Hubaki senti 10. Kumi upande huu na kumi upande huu ni 20. Basi 120 ikawa 140, na 168 ikawa 188. Kikwembe kilichobaki kilitosha kumfunika mtoto mdogo, mama akakiweka.

Sasa sikieni jambo lililomtia hofu. Kitu cha kujaza katikati kilikuwa blanketi la kijivu lenyewe, kwa maana kingine hakikuwako. Likiisha kuwekwa ndani, halitoki tena mpaka kazi imalizike. Nao walikuwa wakililalia kila usiku! Ilikuwa lazima kazi ianze na kwisha kati ya asubuhi na jioni.

Walichagua Jumamosi. Alfajiri waliondoa meza nje. Mama alitandika shuka kuukuu iwe bitana, upande wake mzuri ukitazama chini. Juu yake blanketi, lililozibwa matundu yake. Juu kabisa viraka. Alipanyosha kwa viganja kutoka katikati kwenda pembeni, kama mtu atandazaye unga, asiache kunyanzi. Kisha akapiga bandi kubwa kubwa, za kushika tu, zitakazotolewa baadaye.

Tabaka tatu zisipofungwa pamoja, blanketi la ndani litatembea, litajikusanya miguuni. Washonaji wenye nafasi hupita mfarishi wote kwa mishono midogo midogo, kazi ya miezi. Mama alikuwa na saa chache. Akatumia mafundo. Penye kukutana pembe za viraka vinne aliingiza sindano yenye uzi mnene, ikashuka tabaka zote tatu, ikapanda tena karibu nayo. Binti akafunga fundo mara mbili, akakata. Fundo moja, pembe moja ikarukwa, fundo jingine. Saa sita mchana walikuwa katikati. Mvua ilinyesha, mabati yakapiga kelele, hawakusikilizana. Jioni walipinda ukingo kwa taa. Mdogo alikuwa amekwisha kulala juu ya kazi, wakashona kumzunguka.

Usiku ule mtoto alilala asijikunje. Joto hilo halikutoka katika nguo; nguo haina moto. Lilitoka katika miili yao wenyewe. Kati ya tabaka na tabaka mna hewa iliyotulia, nayo hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Mfarishi hulizuia tu lisiondoke.

Mnadhani ni mama huyu peke yake aliyefikiri hivi? Katika nchi ya Uhindi, jimbo la Karnataka, wako watu waitwao Siddi. Wazee wao walikuwa Waafrika, waliovushwa bahari kwa merikebu zamani, wengi wao wakiwa watumwa wa Wareno huko Goa. Wanawake wa Siddi hushona mifarishi ya nguo kuukuu, huiita kawandi. Nao wana njia isiyojua shida ya mama wa Goma. Hawaunganishi viraka kwanza halafu wapime. Hutandika nguo kubwa chini, mara nyingi sari, yenye ukubwa wanaoutaka. Wakaanza pembeni, wakapanga viraka kuzunguka kuelekea katikati, wakishona tabaka zote pamoja. Ukubwa umekwisha kuamuliwa tangu mshono wa kwanza! Katika pembe nne huweka vipande vilivyokunjwa, huviita phula, maana yake maua. Kwao kawandi isiyo na phula haijakamilika.

Na huko Marekani, katika jimbo la Alabama, kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend, kilichozungukwa na mto pande tatu. Wanawake weusi wa huko, wajukuu wa watumwa waliolima pamba, walishona mifarishi kwa suruali kuukuu za kazi, ili kufunika watoto katika nyumba zenye kupitisha upepo. Mwaka 2002, mwaka ule ule wa moto wa Goma, mifarishi yao ilitundikwa katika nyumba ya makumbusho mjini Houston, watu wakaja kuitazama kama picha.

Mfarishi wa Goma haukutundikwa. Ulilaliwa, ukafuliwa, ukapotea rangi. Kiraka kimoja chekundu kilitia wekundu jirani zake mara ya kwanza kufuliwa, maana mama hakuwa ameviloweka kwanza. Mafundo kadhaa yalilegea, akayafunga upya.

Tarehe 22 Mei 2021, usiku, Nyiragongo ilipasuka tena. Yule binti wa mafundo alikuwa sasa mtu mzima, mwenye miaka 25 na mtoto wake mwenyewe. Siku chache baadaye, serikali ilipoamuru watu wa mitaa mingi waondoke mjini, alifunga sufuria na unga katika mfarishi, akavuta pembe nne za mbayuwayu akazifunga pamoja, akaupakia juu ya chukudu ya jirani. Njiani kuelekea Sake mtoto alilia kwa baridi. Binti akafungua pembe moja, akamwingiza mtoto kati ya mzigo na mfarishi, uso tu nje.

Waliporudi walihesabu. Viraka viwili vilikuwa vimechanika kwa misumari ya chukudu. Binti akatafuta katoni.

MASWALI. Kwa nini viraka vya suruali vilichelewa kukauka? Mshonaji ataka mfarishi wenye upana wa senti 150, kwa viraka 10, na mshono wake ni senti moja: akate kila kiraka senti ngapi? Katoni ya binti ilikuwa na upande wa senti ngapi, ili viraka vyake viwili vipya viingie sawasawa mahali pa vile vilivyochanika? Lete darasani kipande cha kitambaa kutoka nyumbani, uonyeshe mtande wake na hanamu yake.