Pikipiki ya delivari ikilala, na oda zinalala

Wauzaji wenzangu, leo siongelei picha wala bei. Naongelea chombo kinachofikisha mzigo kwa mteja.

Mimi nauza vyombo vya jikoni mtandaoni, nipo Gongo la Mboto, Dar. Wateja wangu wengi wako Kivule, Msongola na Chanika. Huko lami ikiisha, kiangazi ni vumbi, masika ni tope. Nilinunua pikipiki ya mkononi, anaendesha mdogo wangu.

Masika ilipokolea akakuta maji yamekatiza njia. Mteja anapiga simu, na mimi napiga: "Fanya haraka!" Akaingia. Injini ikazima katikati ya maji. Vijana wakamsukuma, akaishtua kwa gia, ikawaka, tukashukuru Mungu.

Siku mbili baadaye ikaanza kugonga. Fundi akamwaga oili: rangi ya chai ya maziwa! Maji yalishachanganyika nayo, na oili ya hivyo hailindi vyuma. Beringi ya konrodi imekwisha. Nililipa 210,000, nikakaa siku sita bila delivari, nikarudisha pesa za oda tisa. Kosa halikuwa la dogo. Lilikuwa langu mimi niliyemharakisha.

Tangu hapo tunafuata haya:

1. MAJI. Simama kwanza uangalie. Yakikaribia usawa wa injini, au yanakimbia, geuza. Mteja anaweza kusubiri kesho. Ikizima majini, usiiwashe wala usiishtue. Isukume hadi pakavu, umwite fundi afungue plagi atoe maji, abadilishe na oili.

2. BREKI. Zikilowa hazishiki vizuri. Ukitoka majini nenda polepole huku ukizibonyeza kidogo kidogo mpaka zishike.

3. VUMBI. Kiangazi tunafungua filta ya hewa kila wiki. Ikiziba, pikipiki inakunywa petroli na kukosa nguvu. Ikichanika ndiyo mbaya zaidi, vumbi linaingia kusaga pistoni. Filta ni bei ndogo, injini siyo.

4. CHENI. Tope lenye mchanga ni msasa. Isugue kwa brashi na mafuta ya taa, ikauke, paka oili safi. Usipake oili chafu iliyomwagwa kwenye injini. Ikibonyezwa katikati icheze kama sentimita 2 hadi 3, ila fuata kipimo cha pikipiki yako. Ikibana sana inakula beringi, ikilegea sana inachomoka njiani.

5. MZIGO. Vizito viwe chini, karibu na dereva, vifungwe visicheze. Mzigo uliorundikwa juu nyuma unafanya tairi la mbele liwe jepesi, kwenye tope usukani hautii.

Sasa tuje kwenye hela. Zamani nikitoza delivari 5,000 nilitoa petroli na posho ya dogo, inayobaki naita faida. Kumbe naila pikipiki yangu mwenyewe! Siku hizi kila safari 1,000 inaingia kwenye kopo la pikipiki. Safari 60 kwa mwezi ni 60,000. Oili, filta na cheni vinatoka humo, siombi mkopo wala sigusi mtaji.

Na mvua ikinyesha namwandikia mteja mapema: "Dada, njia ya huko imejaa maji, mzigo wako nauleta kesho asubuhi." Wengi wanaelewa. Wasichoelewa ni kukaa kimya.

Kabla hujalala leo, kaangalie oili ya pikipiki yako. Kama ina rangi ya chai ya maziwa, kesho usiitoe.